Picha ya mgonjwa ilitutoa 380,000, ikatuletea 1,640,000. Nani alikosea?

Wakala wa Msamvu (mwenye uzi)

Wakuu habari za jioni.

Nina kibanda cha miamala hapa Morogoro, jirani na stendi ya Msamvu, huu mwaka wa tisa. Kwa kazi hii nimeshaambiwa namba za siri nyingi kuliko padri alivyosikia maungamo. Mzee anafika, ananinyooshea simu: "Mwanangu nitolee elfu thelathini, namba ya siri ile ile." Ile ile yenyewe ni mwaka aliozaliwa kifungua mimba wake, na anaitamka foleni nzima ikisikia. Kwa hiyo watu kujianika sikuanza kuwaona juzi. Lakini la mwezi uliopita limetokea kwetu nyumbani, na mpaka leo nimeshindwa kulitolea hukumu.

Mama yangu mdogo alilazwa, ikaonekana ana uvimbe tumboni, lazima apasuliwe. Bima hana. Hesabu ikaja milioni moja na laki mbili. Binti yake yuko chuo. Akampiga picha kitandani, mkono una dripu, shuka la wodi linaonekana, na juu ya kichwa kuna kile kikaratasi chenye majina ya mgonjwa na namba ya wodi. Akaiweka stetasi, kisha akaipeleka Facebook, wazi kwa kila mtu. Akaandika kwamba mama anaingia chumba cha upasuaji Alhamisi, tunaomba dua na chochote ulichojaliwa, namba ya kutuma hii hapa, jina litakalotokea ni hili.

Mjomba wetu yuko Ifakara. Chini ya ile picha akaandika kama kaka yeyote angeandika: dada yangu Mungu akusimamie, nitafika Jumatano. Profaili yake ina namba ya simu kwa sababu anauza mpunga. Jioni ile ile akapigiwa. Mtu mpole, anaongea taratibu, anamtaja mgonjwa majina yote mawili, anataja wodi, anataja Alhamisi. Akasema yeye yuko upande wa dawa, dawa ya usingizi imeisha stoo, nje inapatikana kwa 380,000, na binti aliyeko na mgonjwa simu yake imeisha chaji. Mjomba akatuma. Alipopiga kuuliza kama dawa imefika, laini haipatikani.

Hii siyo ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" ambayo siku hizi hata watoto wanaicheka. Ile inarushwa gizani kama wavu, atakayenasa anase. Hii ilishonwa kwa kipimo cha mjomba, na kitambaa tulikitoa sisi.

Huo ni ukurasa mmoja wa daftari. Fungua wa pili. Kufikia Jumatano usiku, kwa picha hiyo hiyo, zilikuwa zimeingia 1,640,000. Walituma watu aliosoma nao darasa la saba ambao hajawaona miaka thelathini. Akatuma dereva wa basi aliyewahi kupanga chumba kwake. Wapo waliotuma elfu mbili na kuomba radhi kwa udogo wake. Nimejumlisha mwenyewe mara mbili, maana hesabu ndiyo kazi yangu. Toa za tapeli, inabaki 1,260,000. Upasuaji ukalipwa, zikabaki elfu sitini za supu na nauli.

Nikamkalisha binti chini. Nilijiandaa kumpa somo refu. Akaniambia: "Kaka, nilijua matapeli watakuja. Nilijua na wenye huruma watakuja. Nikasema waje wote." Somo langu likaishia hapo.

Sasa kila nikisikia redioni kwamba watu wanaanika maisha yao mtandaoni kwa kuwa hawajui hatari, najiuliza huyu hakujua nini? Mimi naona hivi: kwetu sisi kujulikana ndiyo bima. Ukiugua kimya unaugua peke yako, na ukipona wanakununia, "sisi hatukuambiwa". Mtu anapojianika kuna kitu ananunua. Tatizo ni bei: inalipwa baadaye, na mara nyingi anayelipa ni mwingine. Mjomba hakuposti picha yoyote.

Karibuni mnipinge.

---

nyanya chungu

Hiyo 380 iandike makato ya miamala, maisha yaendelee.

---

mzee_wa_kaunta

Umetupigia hesabu mpaka senti ya mwisho, mgonjwa umemsahau. Mama mdogo anaendeleaje?

---

Wakala wa Msamvu

Nisamehe mzee wangu. Yuko nyumbani, nyuzi zimetolewa, na ameshaanza kugombana na jirani kuhusu kuku. Amepona.

---

Kichwa Ngumu

Mkuu unazunguka mbuyu. Ni ushamba na elimu ndogo, basi. Mtu aliyeelimika hawezi kuweka mgonjwa wake mtandaoni. Wenzetu waliotangulia wanajua thamani ya faragha, sisi tunaposti mpaka kinyesi cha mtoto.

---

Ramani ya Jogoo

Kichwa Ngumu, wenzetu wapi hao? Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia, kijana wa miaka 20, alikuwa anaangalia ramani ya dunia iliyotolewa na Strava, ile programu ya wakimbiaji. Ramani ilionyesha kwa mwanga kila njia ambayo watumiaji wamekimbia. Ulaya na Marekani zinang'aa kama Kariakoo usiku wa sikukuu. Syria na Afghanistan giza, lakini katikati ya giza kuna vijimstari vinazunguka pale pale. Wanajeshi wa Marekani walikuwa wanafanya mazoezi asubuhi kuzunguka kambi zao na saa zenye GPS mkononi. Kambi zikachoreka zenyewe.

Hao ni watu waliofundishwa kutunza siri kwa kiapo. Mtu anataka tu kuona amekimbia kilomita ngapi na kumshinda mwenzake.

Na Kim Kardashian, Paris, Oktoba 2016. Pete aliionyesha mwenyewe mtandaoni, wezi wakamfuata alikofikia. Huyo ana walinzi na wanasheria. Ushamba uondoe kwenye hoja.

---

Kichwa Ngumu

Sawa, wanajeshi nimekubali. Kim yeye kuonekana ndiyo ajira yake, hiyo nyingine kabisa.

---

Mchumi Jalala

Hapa ndipo wasomi wamepiga kambi muda mrefu. Mwaka 2006 Acquisti na Gross waliwachunguza wanafunzi wa Carnegie Mellon, Marekani, Facebook ikiwa bado mbichi. Wakakuta mtu anasema faragha inamtia wasiwasi sana, na bado kajiunga na kajaza mambo yake. Wengine walidhani profaili zao zinaonekana na wachache kumbe zinaonekana na umati. Maneno kule, vidole huku.

Mwaka 2012 Tamir na Mitchell wa Harvard wakawaingiza watu kwenye mashine ya kupiga picha ubongo. Mtu akijizungumzia mwenyewe, zinaamka sehemu zile zile zinazoamka akipata chakula au pesa. Wakawapa uchaguzi: jibu swali kuhusu mwingine ulipwe zaidi, au kuhusu wewe ulipwe pungufu. Watu wakakubali kupoteza senti ili wajieleze. Nani asiyemfahamu yule abiria wa basi la mkoa anayekusimulia ndoa yake kuanzia Mbezi hadi Chalinze bila hata kukuuliza jina?

Lakini unaonifurahisha zaidi ni ule wa 2013, Acquisti tena na wenzake. Waligundua kwamba ukimpa mtu vitufe vingi vya kuchagua nani aone nini, anafunguka zaidi, mpaka mambo mazito. Anajiona ameshika usukani. Ndiyo hiyo stetasi yenu: inajifuta baada ya saa 24, kwa hiyo mtu anaweka kitu ambacho asingethubutu kukibandika ukutani. Skrinishoti haijui saa 24.

Nikirudi kwa mwenye uzi: nadharia yako ya bima ni nzuri kwa ugonjwa na msiba. Inaeleza vipi sahani ya chipsi mayai?

---

Wakala wa Msamvu

Mchumi, chipsi mayai ndiyo michango yenyewe ya bima, ile ya kila mwezi. Huwezi kuibuka siku ya msiba tu. Unayemwona kila wiki anakula chipsi, anasifia watoto, anapongeza harusi za watu, siku akiandika "nimefiwa" unaona kama amefiwa jirani. Aliyepotea miaka mitatu akirudi na namba ya mchango, watu wanauliza huyu katoka wapi.

Nakubali haielezi zote. Zipo zinazowekwa ili mtalaka aone. Hizo sizitetei.

---

Mkaa Pwani

Mtalaka kaguswa, na mie nilikuwa nimenyamaza.

Vijana mnadhani haya yaliletwa na simu. Mie nimekulia Makorora, Tanga. Bibi yangu alikuwa na kanga sandukuni kwa kila ugomvi. Kanga hununui kwa rangi, wanunua kwa jina, yaani lile neno lililoandikwa chini. Akigombana na mke mwenziwe, haongei. Asubuhi atajifunga "Mtasema mchana usiku mtalala" halafu apite nje kufagia mahali palipokwisha fagiliwa. Mtaa mzima wasoma, mtu mmoja tu ndiye aambiwaye, na hakuna awezaye kumwuliza, maana hakusema kitu, kavaa nguo.

Stetasi ni kanga. "Wengine mnakula vya watu halafu mnasali" kaandikiwa mtu mmoja, wasoma mia tatu. Raha yake ni ile ile: umesema na hujasema.

Sasa ipo tofauti, na hapo ndipo namwunga mkono mwenye uzi kuhusu bei. Kanga yapauka. Mwaka ukipita yawa ya kubebea mtoto, kisha ya kushikia chungu, na ugomvi ushakufa. Na barazani wale waliokaa nawahesabu kwa macho, kama kuna mgeni twakohoa, maneno yageuka. Facebook huwezi kukohoa. Yule tapeli aliyempigia mjomba alikuwa kakaa barazani kwenu, mguu juu, anakunywa kahawa yenu, na hamkumwona.

---

nyanya chungu

"Facebook huwezi kukohoa" naiweka stetasi sasa hivi.

---

Mama Wawili

Niongeze kitu ambacho wanaume mnakiruka. Mnasema watu hatuna habari na faragha. Tunayo, tena kali. Mimi nilipokuwa na mimba ya pili hakuna aliyejua mpaka tumbo lilipojitangaza. Mtoto alipozaliwa uso wake niliufunika kwa kikatuni mpaka akafikisha miezi minne. Safari tunaposti tukishafika. Kiwanja tunaposti hati ikishatoka. Hiyo ni nini kama siyo faragha?

Ila ninachokiogopa ni jicho. Husuda. Mtu wa karibu mwenye kijicho, wifi, shoga yangu wa zamani. Huyo najua kumkinga. Jizi lisilonijua halikuwa kwenye akili yangu kabisa. Kwa hiyo picha ile ile niliyomfunika mtoto uso, ukiitazama vizuri, gari nyuma linaonyesha namba zake zote na kaka yake kavaa sare ya shule yenye nembo. Uso nimeuficha kwa wifi, anwani nimempa mwizi.

Dada yangu ndiye aliyenionyesha, tukacheka, halafu sikulala.

---

Wakala wa Msamvu

Mama Wawili, hapo umenifundisha. Hata sisi, binti alifuta picha moja kwa sababu miguu ya mama ilikuwa haijafunikwa vizuri. Heshima aliilinda. Kikaratasi cha wodi hakukiona kama kitu.

---

Jicho la Tatu

Ongezeni namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Tarakimu 8 za kwanza ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Ukiposti keki yenye umri wako na tarehe, umeshanipa mwanzo wa namba. Jina kamili nalipata nikianza kukutumia elfu moja: kabla sijathibitisha, simu inaniletea jina ulilosajilia laini. Sihitaji kompyuta wala kofia nyeusi.

Wakati huo huo piga *106# uangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako. Mimi nilikuta moja siijui.

---

Keki za Kimara

Mimi nilikimbia mtandao na nikarudi, nisikilizeni.

Kuna mtu alichukua picha zangu, uso wangu na wa mwanangu, akafungua akaunti ya "mikopo ya papo hapo, tuma elfu kumi ya fomu". Watu wakatuma. Wakanitafuta mimi. Mama mmoja alifika mpaka jikoni kwangu na mgambo, na alifikaje? Nilikuwa nimeweka lokesheni ya wateja kuchukua keki. Siku ile nilifuta kila kitu, kuanzia picha za harusi.

Miezi mitatu. Oda zikakauka. Nikafungua ukurasa mpya wa keki tu, bila sura yangu. Mteja anauliza bei, naijibu, nikimwomba nusu ya malipo ananiambia, "Dada hata sura yako hatuioni, tutajuaje siyo tapeli?" Nikaweka sura. Wakasema picha inaweza kuwa ya mtu. Nikaweka video nikiwa jikoni. Wakaanza kulipa. Siku niliyomweka mwanangu analamba mwiko, nilipata oda sita.

Yaani matapeli ndio wanaotulazimisha sisi waaminifu tujivue. Kadiri wanavyozidi, ndivyo mteja anavyodai kuona zaidi ndipo akuamini. Na ninavyoonyesha zaidi, ndivyo ninavyowapa mali ya kutapelia. Sijui huo mduara unatokea wapi. Ninachojua kodi ya fremu ni tarehe tano.

---

Mchumi Jalala

Keki za Kimara, hilo sijalisoma kokote na lina uzito kuliko yote niliyoyaandika juu.

---

Mtoto wa Kayole

Salamu kutoka Nairobi. Huku harambee zote zilihamia WhatsApp. Unaamka asubuhi unapata umeingizwa kwa kundi la watu 400, bili ya hospitali ya mzee wa mtu usiyemjua, na orodha inapita: jina, kiasi, jina, kiasi. Ukitoka kundi, wasimamizi wa kundi wanaarifiwa. Na ile orodha kila mtu anaiona. Kwa hivyo hata mchangiaji ameanikwa, si mgonjwa pekee. Mtu akituma mia mbili na anajulikana ana gari, hiyo ni kesi ya mwaka mzima.

Lakini mimi sikubali ile ya "waje wote". Hapo unaongea kana kwamba taarifa ni zako peke yako. Mimi niliwahi kupigiwa simu kazini, tena na mkopeshaji wa kwa simu, kwamba rafiki yangu hajalipa na mimi nimwambie. Sikuwa mdhamini. Rafiki alipopakua hiyo programu alikubali isome namba zote kwa simu yake. Elfu tatu ya kwake, jina langu likauzwa kama nyongeza.

Angalau huku kuna watu wamelipa. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza faini tatu kwa mpigo: shule moja iliyoweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi, shilingi 4,550,000, klabu moja ya usiku iliyoposti picha ya mteja, 1,850,000, na kampuni moja ya mikopo ya simu iliyosumbua watu wasiohusika, 2,975,000. Jamaa alienda kunywa tu, picha yake ikafanywa tangazo.

---

Sheria Mkononi

Na huku Tanzania sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Taarifa za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Hizo programu za mikopo, Benki Kuu (BoT) ilitaja 69 zisizo na leseni Novemba 2024.

Ila tuwe wakweli. Sheria inambana anayekusanya na kuchakata taarifa zako: kampuni, shule, hospitali. Binti aliyempiga picha mama yake kwa mapenzi, sheria itamfanya nini? Na tapeli aliyempigia mjomba hatafuti leseni. Kesi ya mjomba ni ya polisi na makosa ya mtandao, na namba iliyompigia itumeni 15040, ile ya kuripoti matapeli, hata kama mmechelewa.

---

Wakala wa Msamvu

Tulituma 15040 siku ya pili. Polisi mjomba alikwenda, akarudi na karatasi. Anayo ndani ya Biblia.

Mtoto wa Kayole, kuhusu "waje wote", umenibana na nimebanika. Nilimuuliza mjomba anaonaje. Akasema: "Mimi ningetuma laki nne hata bila kuombwa, ni dada yangu. Kinachoniuma nilimshukuru yule mtu. Nilimwambia Mungu akubariki."

---

Niko Maskati

Nimesoma yote nikiwa nasubiri basi. Mie nafanya kazi Oman, mwaka wa nne, na mimi ndiye huyo mnayemsema, kila Ijumaa picha. Nikiwa Matrah pwani, nikiwa na shoga zangu, nikiwa na mfuko wa duka ambao ndani hamna kitu.

Mnajua kwa nini? Nikikaa siku tatu bila kuweka kitu, mama Pemba anapiga simu analia. Sauti haimtoshi, anasema mtu anaweza kulazimishwa aseme mzima. Anataka aone nimesimama, nimevaa nini, niko na nani. Picha zangu ndiyo kitulizo cha moyo wake. Na mie mwenyewe nataka ijulikane. Likinipata la kunipata, kuna watu mia mbili wanajua Ijumaa nilikuwa wapi na nani alikuwa kando yangu. Mtu asiyeonekana akipotea hakuna anayejua kapotea lini.

Hasara yake naijua. Kila picha ya baharini inafuatwa na meseji tano za kuombwa pesa. Binamu aliniambia nina roho ngumu, naonekana nala samaki wakubwa na ada ya mwanawe nimekataa. Samaki alikuwa wa meza ya pili.

Siku hizi naweka picha usiku, nikisharudi ndani. Hilo tu ndilo nililojifunza.

---

mzee_wa_kaunta

Binti yangu, Mungu akulinde huko.

---

Kichwa Ngumu

Nimerudi. Sitaki kusema nimekosea ila naomba kuuliza, kwenye stetasi unafanyaje ili watu fulani tu wasione?

---

Jicho la Tatu

Ingia mipangilio ya stetasi, faragha, kuna sehemu ya kuonyesha wote isipokuwa uliowachagua, na nyingine ya kuonyesha uliowachagua peke yao. Dakika moja.

---

Mama Wawili

Dakika moja ya kubonyeza, mwaka mmoja wa kueleza. Mimi nilimfungia shangazi, akaona kwa simu ya binti yake. Harusini akaniuliza mbele ya watu: "Mama, stetasi zako siku hizi ni za matajiri tu?" Nikamfungulia pale pale, na sahani mkononi.

---

Wakala wa Msamvu

Hahaha. Basi niwape ya mwisho kutoka nyumbani.

Siku mama mdogo anaruhusiwa, nilimwambia binti picha zimetosha. Aliyekataa ni mgonjwa mwenyewe. Akaomba maji, akanawa, akabadilisha kanga, akasema, "Waliotoa wanione nimesimama." Akachagua picha moja kati ya tisa. Binti safari hii aliikata juu, kikaratasi kikabaki nje, namba ya simu akaitoa. Nikaona sawa, kuna kilichoingia.

Jioni nikamkuta mama mdogo ameishika simu ya binti, miwani puani, anapitisha kidole kwenye orodha ya waliotazama. Anasoma jina kwa jina. "Huyu kaona. Huyu kaona, alileta elfu tano. Huyu kaona tangu ile ya kitandani, hata pole hajasema." Alifika mwisho akarudi juu akaanza upya.

---

nyanya chungu

Kumbe na sisi watazamaji tumeanikwa!

---

mzee_wa_kaunta

Ndiyo maana mimi nimeizima ile alama ya kuonyesha nimesoma.

Wakala, weka namba basi tumtumie mama mdogo hela ya supu.

---

Wakala wa Msamvu

Njoo PM mzee wangu. Na jina litakalotokea usishtuke, siyo la kwake, ni la kibanda.